Kamera ya Wanaoanza

Kamera ya zamani ya Mama Mbili ilikata roho mbele ya mteja. Mteja mwenyewe alikuwa kijana anayejiandaa kuoa, kaja kupiga picha za pasipoti, kanyoa upya, shingo imebanwa na tai ya kuazima. Kitufe kilibonyezwa, ndani kukasikika mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga, halafu kimya. Mama Mbili akabonyeza tena. Akaitikisa, akaipuliza, akatoa betri akairudisha. Muda wote huo kijana anatabasamu tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

"Pumzisha mashavu, mwanangu," akamwambia mwishowe. "Kamera imetangulia."

Studio yenyewe ni chumba kimoja, kimebanwa katikati ya duka la viatu na kinyozi. Ukutani pametundikwa kitambaa cha buluu. Mbele ya kitambaa kuna stuli ya kuzungusha, ambayo ukitaka kuipandisha unaizungusha hadi mwenyewe upate kizunguzungu. Mlangoni kuna kioo, na pembeni ya kioo kuna kitana kilichofungwa kamba kama mbuzi, maana vitana vilivyotangulia vyote viliota miguu vikaondoka na wateja.

Jina la Mama Mbili si la kuzaliwa. Alilipata kwa kazi. Mteja akishakaa, yeye huhesabu kwa sauti, "Moja, mbili," na hapo hapo kwenye mbili anabonyeza. Tatu haifiki kamwe. Yeye anasema mtu akingoja tatu anajiandaa, na akijiandaa uso unakuwa wa mtu anayesubiri sindano. Kwenye mbili bado ni yule yule aliyeingia mlangoni. Tena hakai nyuma ya kamera kama wapiga picha wengine. Anaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, anachungulia mara moja kuhakikisha, kisha anasimama kando, kidole juu ya kitufe, macho kwa mteja, wanapiga soga kama watu waliokutana bombani. Wapo waliokwisha kupigwa picha, wakabaki wamekaa, wanauliza anaanza saa ngapi.

Sasa hiyo kamera kama ilitaka kufa, ilichagua wiki mbaya kuliko zote. Alhamisi ile Mama Mbili alikuwa na kazi ya chekechea ya mtaani, kuwapiga picha watoto wanaokwenda kuanza darasa la kwanza, mmoja mmoja. Kazi hiyo ndiyo nguzo ya studio. Picha za pasipoti ni za kubahatisha, leo watu, kesho nzi. Na mwaka huu mwalimu mkuu wa chekechea alishamwita pembeni. Kwa ile sauti tamu ya mtu anayekaribia kukunyima kitu, akamweleza kwamba kuna kijana amepita pale na simu pana kama sinia, anapiga picha nzuri sana. Atampa Mama Mbili nafasi kwanza kwa sababu wanajuana. Ila watoto wakitoka wamefumba macho, au wamegeukia ukutani, basi kazi ni ya kijana, na si ya mwaka huu peke yake.

Chekechea ikiondoka, studio nayo inafungwa. Mama Mbili alilijua hilo vizuri, na kaka yake alilijua vizuri zaidi. Kaka mtu ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu zamani anamtaka dada yake akae upande wa misumari. Kila wakikutana lazima amchokoze.

"Njoo huku upumzike, dada yangu," humwambia. "Misumari haifumbi macho."

Basi siku ile ile kamera ilipokufa, Mama Mbili akafunga studio, akaenda kwa muuza kamera. Mzee huyu mtaa mzima unamwita Mjomba, ingawa hana mpwa hata mmoja. Duka lake ni jembamba, unaingia kwa ubavu, na makabati ya vioo yamepanda hadi darini. Kamera za juu ni za kutazamwa, za chini ndizo za kununuliwa. Mjomba akainama kwenye kabati la chini kabisa, akatoa moja nyeusi, mpya, bado inanukia plastiki.

Hakumficha kitu. Alimwambia hii ni ndogo kuliko zote katika ukoo wake, ni kamera ya wanaoanza, wanafunzi na watu wanaokwenda likizo. Mtu aliyezoea chuma cha zamani kama yeye huenda akaiona ya kitoto.

"Basi na mimi naanza," Mama Mbili akasema. "Ilete."

Aliipokea, na jambo la kwanza alilofanya ni kufumba macho. Mjomba alidhani anaswali. Kumbe anaipapasa. Vidole vilitembea juu ya ile kamera polepole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, anagonga hapa, anabonyeza pale. Uzito ulimshangaza. Kamera yake ya zamani ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, ukiivaa shingoni asubuhi, jioni unatembea umeinama. Hii aliinyanyua akauliza kama vya ndani vimeshawekwa au vinauzwa kando.

Kishikio chake kilimridhisha. Kimevishwa mpira, kina bonde la kuingiza vidole, hakitelezi. Tatizo lilikuwa kidole cha mwisho. Kamera ni fupi mno, kwa hiyo kile kidole kidogo kikakosa pa kukaa, kikabaki kinaning'inia hewani kama abiria aliyekosa kiti. Halafu akatafuta gurudumu la pili. Ya zamani ilikuwa na magurudumu mawili ya kurekebisha mwanga, moja la kidole cha shahada na moja la dole gumba, yeye anayazungusha bila kutazama. Hii inalo moja tu. Ukitaka lifanye kazi ya lile jingine, lazima ubane kitufe kwa kidole kimoja huku unazungusha kwa kingine, kama kufungua mlango umebeba ndoo.

Juu kulikuwa na gurudumu kubwa lenye vijipicha: ua, mlima, mtu anakimbia, mwanamke mwenye kofia. Alifumbua macho akavitazama kwa furaha kama mtoto aliyepewa kitabu cha rangi. Unamweka mwanamke mwenye kofia, kamera yenyewe inajua unapiga sura ya mtu. Unaweka ua, inajua unapiga kitu kidogo kwa karibu. Lenzi akaikagua mdomoni pale inapojishikiza kwenye kamera, akakuta nayo ni plastiki, wakati ya zamani ilikuwa chuma. Akaguna. Flashi je? Mjomba akabonyeza, ikaruka juu yenyewe, tap, kama kifaranga anayechungulia kutoka chini ya bawa.

Lakini Mjomba mwenyewe alichokipenda kuliko vyote ni skrini. Akaiwasha, na duka zima likaonekana mle nyuma ya kamera, hadi vumbi la makabati. Akamwambia siku hizi kuchungulia kwenye kitundu ni ushamba, mtu unaiona picha kabla hujaipiga, kama simu kabisa. Mama Mbili akaingia mkenge hapo hapo. Mjomba akampa kamera aijaribu hadi kazi ya chekechea iishe. Ikimkataa airudishe, mradi isirudi na makamasi ya watoto.

Nyumbani wa kujaribiwa alikuwepo, tena hakuwa na pa kukimbilia. Mama mkwe wake alikuwa amekaa karibu na dirisha, anachambua mchele, ungo magotini. Mama Mbili akasimamisha kamera mbele yake, akawasha skrini, akajisimamia kando kama kawaida yake. Wakaanza kuzungumza habari za jirani aliyepaka nyumba rangi ya chungwa.

"Moja, mbili," akabonyeza.

Kamera haikupiga. Lenzi ilienda mbele zii, ikarudi nyuma zii, skrini ikawa na ukungu, ikatakata, ikazimika, ndipo ikalia klak-klak. Kufikia hapo mama mkwe alishajihesabia tatu yake mwenyewe, akajiweka sawa, akapepesa macho. Picha ikatokea: amefumba. Wakarudia. Amefumba. Wakarudia tena, akatoka anautazama mchele. Nyingine ikamkuta yuko katikati ya chafya, na hiyo hata adui humwonyeshi.

Mume wa Mama Mbili aliporudi kazini alizipitia picha zote, akasema mama anaonekana kama anaomba dua. Mama yake akamjibu kwamba ni kweli, anaomba apate mwana mwenye adabu. Kisha akamgeukia mkaza mwana wake.

"Mwanangu, hii kamera yako ina kigugumizi."

Watu wakacheka, Mama Mbili naye akacheka. Picha moja ya mama mkwe aliyefumba macho ni mzaha. Darasa zima la watoto waliofumba macho ni misumari.

Asubuhi, ungo ulipopanda tena magotini, akaamua kuisikiliza kamera badala ya kuitazama. Akafumba macho, akapiga kwa skrini: zii, zii, klak-klak. Akazima skrini, akachungulia kwenye kitundu, akapiga: klak. Mara moja tu, pale pale kidole kilipobonyeza. Akarudia huku na huku hadi mama mkwe akauliza kama anapiga picha au anapiga ngoma.

Kumbe kigugumizi ni cha skrini, si cha kamera. Kamera za aina hii zina kioo kidogo ndani, kimekaa mshazari, ndicho kinachoipeleka picha kwenye kitundu cha kuchungulia. Unapochungulia, kamera inaona vizuri na inalenga upesi. Ukiwasha skrini, kile kioo kinanyanyuka, na kamera inaanza kulenga kwa kupapasa, kama mtu aliyeingia chumba cha giza akitafuta swichi. Kwa mlima haina neno, mlima hauendi popote. Kwa mtu anayepigwa kwenye mbili, ni balaa.

Basi achungulie, maana asipochungulia hajui kamera imelenga uso au ukuta? Akachungulia, uso wote ukazama nyuma ya kamera.

"Umekwenda wapi?" mama mkwe akauliza. "Mimi siwezi kucheka na boksi."

Na huyo ni mtu mzima. Mtoto wa chekechea akiona jicho moja jeusi la kioo linamkodolea, ataita mama yake.

Mama Mbili akaizungusha kamera mkononi, akaikagua upya, safari hii bila kuchagua kama tikiti. Ubavuni mwa lenzi akakuta kiswichi kidogo, chembamba kama ukucha. Ukikishusha, lenzi inaacha kujilenga yenyewe, inabaki pale ulipoiacha. Akachungulia, akalenga uso wa mama mkwe, akashusha kiswichi, akasimama kando. Lenzi ya zamani ilikuwa na namba za kuonyesha umbali, hii haina hata moja, na ile pete ya kulengea ni nyembamba kama bangili, inazunguka ukiipumulia. Akakata kipande cha selotepu akaibandika isitikisike. Ndiyo, kamera mpya kabisa, tayari ina plasta.

"Moja, mbili." Klak.

Kwenye picha mama mkwe alikuwa wazi, macho yote mawili, mdomo nusu, anaanza kusema jambo kuhusu ile rangi ya chungwa.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Ila mashavu uyapunguze."

Alhamisi ikafika. Darasa la chekechea lilikuwa dogo, viti vidogo kama vimetengenezwa kukalia vidole vya miguu, ukutani wamechorwa wanyama ambao twiga peke yake ndiye anayetambulika. Kwa udogo wa chumba, kiti cha mtoto na kamera vilikaa karibu, unaweza kunyoosha mikono ukavigusa vyote viwili. Mama Mbili akabandika selotepu sakafuni kuzunguka miguu ya kiti, ili kisisogee na kuharibu ulengaji wake. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni, mikono kifuani, akatoa sharti moja: hataki mkono wala bega la mtu mzima kwenye picha. Wazazi wanataka mtoto wao, si mwalimu.

Mtoto wa kwanza akakaa. Moja, mbili, na tap, kifaranga akaruka juu, mwanga ukawaka. Mama Mbili alikuwa amesahau gurudumu kwenye ile alama ya kijani, ambapo kamera inajiamulia kila kitu. Mtoto akafikicha macho kama ametiwa pilipili, na wenzake wote wakaacha foleni wakaja kuona kile kitu kilichoruka. Mlangoni mtu akakohoa, na hakuwa na mafua.

Mama Mbili akajifanya hasikii. Akazungusha gurudumu hadi kwenye kijipicha cha radi iliyokatwa mstari, flashi ikalala. Akabandua selotepu, akasogeza kiti karibu na dirisha, akalenga upya, akabandika upya. Muda wote huo mdomo haukuacha kupiga soga. Akamuuliza mtoto kama twiga wa ukutani amekunywa chai.

"Moja, mbili," akabonyeza.

"Tatu!" darasa zima likamalizia.

Wamefundishwa kuhesabu, utawaambiaje iishie mbili? Kila picha ikawa hivyo, yeye mbili, wao tatu, na tatu yao ikaja kamera imeshamaliza. Ikawa mchezo. Watoto wakawa wanasukumana kwenye foleni wapate kukaa, na wengine waliokwisha kupigwa wakajirudisha nyuma ya mstari kwa ujanja.

Foleni ilipokwisha akabaki mmoja. Alikuwa mdogo kuliko wote, amejibanza chini ya twiga. Mwalimu wa darasa akamnong'oneza Mama Mbili kwamba huyo tangu aletwe hazungumzi na mtu, wala hakubali kushikwa. Wakamwita, akatikisa kichwa. Wakambembeleza hadi kwenye kiti, akakaa huku machozi yanamtiririka bila sauti. Mwalimu mkuu akatoka mlangoni, akaja karibu. Mama Mbili aliona wazi kwamba picha hii ndiyo inayosubiriwa.

Hakumwambia anyamaze. Alimnyooshea kidole kimoja tu, pembeni, kama unavyomnyooshea mtu kamba. Mtoto akakitazama kidole. Akakishika. Kisha akakishika kwa mikono miwili.

Sasa Mama Mbili akawa amejinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine kwenye kamera. Akainama akachungulia kwenye kitundu. Uso wa mtoto umo, mabega yamo, kidole chake hakimo, ukingo wa picha umeishia hapo karibu. Vizuri. Akainuka, akamtazama mtoto.

"Moja," akasema taratibu. Mtoto akainua macho. "Mbili."

Klak. Darasa halikusema tatu. Hata sijui ni nani aliyewaambia wanyamaze.

Mwalimu mkuu akataka kuziona picha hapo hapo, kabla mtu hajaondoka. Mama Mbili akawasha skrini, akampitishia moja baada ya nyingine. Macho wazi. Macho wazi. Midomo iko njiani kuelekea tatu. Mmoja jino limetoka, mmoja kola imegeuka, lakini wote wanatazama mbele, na wote ni wao wenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa kila picha, hadi ikafika ya mwisho.

Mtoto alikuwa anatazama juu, chozi limesimama shavuni, na chini ya lile chozi tabasamu ndiyo kwanza linafika. Na pembeni kabisa, ukingoni, kilikuwepo kidole. Kidole cha mtu mzima, kimekamatwa na mikono midogo miwili.

"Hakikuwemo," Mama Mbili akasema. "Nilichungulia, hakikuwemo."

Hakusema uongo. Kamera za wanaoanza zina kasoro hiyo, na Mjomba hakuitaja, pengine kwa mapenzi yake ya skrini. Kitundu chake hakikuonyeshi picha nzima. Kinaficha ukingo kidogo pande zote, wewe unadhani umekiacha kitu nje, kumbe kamera imekichukua. Mama Mbili hakuyajua hayo wakati ule. Alichokijua ni sharti la mwalimu mkuu, na kwamba limevunjwa mbele ya macho yake. Akaanza kueleza haraka haraka kwamba ataikata pembeni, ni kazi ndogo, hata mzazi hatajua.

Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa darasa. Wakainamia ile skrini pamoja, vichwa vinagusana. Mwalimu wa darasa akaziba mdomo kwa kiganja, akaenda dirishani akawa anatazama nje, ingawa nje hakukuwa na kitu.

"Usiikate," mwalimu mkuu akasema. Ile sauti tamu ilikuwa imeondoka, hii ilikuwa ya kawaida, imekwaruza kidogo. "Mama yake ataitaka hivi hivi. Na nakala moja niletee mimi."

Mama Mbili akajua hapo hapo kwamba kamera ile hairudi dukani, ibaki na kilema chake cha kuficha ukingo, na kidole chake cha mwisho kiendelee kuning'inia. Akataka kuanza kukunja miguu mitatu ya kamera, akashindwa kwa mkono mmoja. Ikabidi mwalimu wa darasa aje amkunjie.

"Mwakani uje mapema," mwalimu mkuu akamwambia huku akimnyooshea mkono, "kabla hawajatoka nje kujipaka vumbi."

Mama Mbili akaitikia kwa kichwa, maana mkono mmoja ulikuwa na kamera, na kidole cha ule mwingine bado kimeshikwa.